Unyayo wa Kushoto Umekauka

Babati, nyumbani, alasiri

Martina mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi mlangoni, na shikamoo yako niliiitikia nikiwa na pini mdomoni, kwa hiyo tusizirudie. Wewe na mama yako mmekwenda Bonga kumuaga bibi. Mimi nimebaki kwa kisingizio kwamba nina suruali ya mtu ya kumaliza. Hakuna suruali. Nilitaka mwondoke nibaki na viatu vyako.

Viko hapa mezani, kando ya cherehani. Vyeusi, vya kufunika vidole, kama chuo cha uuguzi kilivyoagiza. Nimekwenda dirishani nikarudi, nimevishika nikaviweka, nimetoa kisu kwenye droo nikakirudisha. Ungeniona ungecheka. Tangu ulipokuwa mdogo ulikuwa unaniambia, "Baba, kaa chini," na mimi sijawahi kujua kukaa chini isipokuwa mguu uko kwenye pedali.

Jana ulipovijaribu mama yako alikuuliza kama vinakutosha, ukasema vinatosha. Ukatembea kutoka mlangoni hadi kabatini na kurudi, huku unatabasamu. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, lakini macho hayakuwa kwenye uzi. Ulikuwa unakanyaga kwa ukingo wa nje wa mguu, na kila hatua ulikuwa unaimaliza mapema, kabla haijafika mbele. Nikajua vinakubana. Nikajua pia kwamba hutasema, na aliyekufundisha kutosema ni mimi.

Sitakuandikia habari ya kufunga begi wala ya kuchemsha maji ya kunywa. Hayo mama yako amekwisha kuyasema mpaka kuku wa jirani wanayajua. Nataka kuzungumza juu ya miguu yako, na kwa mdomo siwezi. Nikianza kwa mdomo nitapandisha sauti, unanijua, nawe utaikunja miguu chini ya khanga kama ulivyozoea, na kesho basi la Dodoma litakuchukua tukiwa hatujasemezana.

Unakumbuka mwaka ule ulipochaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Kila kitu kilikuwa cha mgao. Mche mmoja wa sabuni uligawanywa kwa uzi ili nyumba mbili zipate. Mimi fundi cherehani nilikuwa nafumua magunia ya unga nipate uzi wa kushonea, na watu walikuwa wananiletea makoti ya marehemu baba zao niyageuze, upande wa ndani uwe wa nje, wapate la kuvaa kanisani. Ndipo zikaja habari kwamba duka limeletewa viatu vya shule. Niliacha kola ya mtu nusu, nikakimbia.

Foleni ilikuwa imefika barabarani. Hakuna aliyeulizwa namba ya mguu. Ukifika dirishani unapewa jozi iliyo juu ya rundo, unalipa, unampisha mwenzako. Nilipewa viatu vya kike, vyeusi, vina mkanda mdogo wa kifungo pembeni, mbele vimechongoka. Vilikuwa vizuri kweli. Na vilikuwa vidogo kwako. Hilo niliona palepale, kwa sababu kazi ya jicho langu ni kupima watu.

Sasa kuna jambo hukuliona kwa kuwa hukuwepo. Nje ya duka watu walikuwa wanabadilishana. Ndivyo tulivyoishi miaka ile: unachukua unachopewa, kisha unatoka nje kumtafuta aliyepewa cha kwako. Akanijia mzee mmoja wa Sigino, mkulima, ameshika jozi ya kimo chako kabisa. Mjukuu wake alikuwa mdogo kuliko wewe. Lakini yeye alikuwa amepewa viatu vya kiume, vya kamba, mbele vipana kama mdomo wa kiboko wa ziwani kwetu. Akaniambia tubadilishane, vyake vitakufaa wewe na vyangu vitamfaa mjukuu wake.

Nilivitazama, nikakataa. Mimi ninayewashonea watu nguo za harusi, binti yangu aingie sekondari na viatu vya mvulana, watu watasema nini? Nikamwambia, "Hivi hivi vitatosha, mzee. Mguu utazoea."

Hakubishana. Aliinua vyake akavitazama tena, kama vile alidhani huenda vina kasoro ambayo mimi nimeiona na yeye hakuiona, akaenda kutafuta mtu mwingine. Naamini alimpata. Wenye akili hawakukosekana pale, ila mimi sikuwa mmoja wao siku hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi yangu yote ni kinyume cha neno lile. Hakuna nguo ya mtoto niliyowahi kushona bila kuacha akiba kwenye pindo. Mtoto anakua, kitambaa hakikui, kwa hiyo unakunja kwa ndani cha ziada ili mama yake akishushe mwakani. Hata sketi yako ya shule niliishona na pindo pana, nikamwonyesha mama yako kwa majivuno. Kwa hiyo uliingia sekondari na sketi yenye akiba na viatu visivyo na akiba, na vyote viwili vilipita mikononi mwangu.

Nimeinuka kidogo. Nilidhani nimesikia sauti yenu, kumbe ni watu wa Mutuka wanapita na mahindi yao. Wingu limeukalia mlima Kwaraa, lakini mvua sidhani.

Labda utajiuliza neno hilo la kuzoea nililitoa wapi. Nililetwa Babati kutoka Mbulu nikiwa sijaota ndevu, nije kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja aliyekuwa akitupiga vidole kwa rula tukipindisha mshono. Nililala chini ya meza ya kukatia nguo. Baba yangu alipokuja kunitazama nilimlilia nikamwomba anirudishe. Alinipa viazi vitamu alivyokuwa amebeba, akaniambia nitazoea, akageuka njia ya kupanda mlima. Na kweli nilizoea. Nilizoea njaa, nilizoea rula, na mwisho nikawa fundi. Basi nikalishika lile neno nikaona ni dawa ya kila kitu. Mama yako alipolia siku za mwanzo kwa kuwa mbali na kwao Dareda, nilimwambia atazoea. Wewe ulipoogopa bweni, nilikwambia hivyo hivyo. Sikuwahi kujiuliza kama baba yangu naye aliisema kweli, au alilisema neno lile kwa sababu hakuwa na nauli ya watu wawili.

Bibi yako peke yake ndiye aliyeona mapema. Jumapili ile ya kipaimara chako, ulipovivaa mara ya kwanza, alikaa akaitazama miguu yako ibada nzima. Unamjua bibi, hajawahi kuvaa kiatu maishani mwake, na vidole vyake vimetawanyika, kila kimoja kina shamba lake. Tulipotoka nje alininong'oneza kwa Kiswahili chake cha mlimani, "Hii kiatu ya nani? Huyu mtoto amevaa mguu ya mtu mwingine." Nilicheka. Nikamwambia, mama, huu ndio utaratibu wa shule. Hakucheka.

Halafu ikaja ile likizo ya kidato cha pili. Ripoti ilisema unakwepa mchakamchaka. Niliisoma hapahapa barazani, wateja watatu wamekaa, nikakuita mvivu mbele yao. Nikasema mtoto wa fundi hawezi kuwa mvivu, ukoo wetu haujui uvivu. Mmoja wa wateja alijaribu kunituliza, nikamkaripia naye, na hakurudi tena. Uliivuta tu miguu yako yote miwili chini ya benchi. Nilikuona ukiivuta, nikadhani ni adabu.

Tangu siku hiyo hukuniacha niione tena. Unaogea uani, unapitia mlango wa nyuma, unakaa umejifunika. Nimeishi na wewe nyumba moja, likizo baada ya likizo, na miguu yako nimekuwa nikiijua kwa sauti tu, kwa ile hatua fupi inayokatika kabla ya mwisho wake.

Mama yako ndiye aliyekuta soksi imegandamana na damu. Ulikuwa kidato cha tatu. Akasema tunakwenda hospitali ya masista, nami nikasema nitakuja, si kwa huruma, nisikudanganye. Nilikwenda nikitaka mtu wa hospitali athibitishe kwamba ni malengelenge ya kawaida na kwamba nyumba nzima inakuza mambo.

Unamkumbuka Sista, yule mfupi mwenye kicheko, mtu wa kwetu Mbulu, aliyekuwa na chumba chake kule mwisho wa ukumbi. Alikuambia uvue. Ulinitazama kwanza. Nikajifanya natazama dirishani, lakini niliona. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimelalia wenzake, na penye kiungo chake mfupa umetokeza nje, mwekundu. Cha pili kimekosa pa kukaa, kimejikunja juu kama ndoano, na juu yake sugu. Cha kushoto nacho kilikuwa njia hiyohiyo. Nilikuwa nimewaona wazee wenye miguu hiyo, lakini wewe ulikuwa mtoto.

Sista hakunilaumu, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliweka beseni la maji, akakuambia ukanyage humo kisha utembee kwenye saruji. Nyayo zako zikabaki sakafuni. Akainama akatuonyesha kwa kidole. Mtu akitembea, akasema, kisigino ndicho kinachofika kwanza. Uzito unapita ukingo wa nje, unavuka penye kitako cha vidole, halafu unaishia kwenye kidole gumba. Hicho ndicho cha mwisho kuiaga ardhi, nacho ndicho kinachokusukuma mbele. Kikisukumwa pembeni, kazi yake inawaangukia wadogo zake ambao hawana nguvu hiyo, ndiyo maana wanajikunja na kuota sugu. Alisema wengine huzaliwa na mguu wenye mwelekeo huo, kwa hiyo kiatu huenda si kosa lote, kiatu kimeharakisha tu. Aliniangalia aliposema hivyo. Nilielewa ananipa mahali pa kupumulia, na nashukuru, lakini sijapumulia hapo hata leo.

Kisha akakuuliza mbona hukusema miaka yote hiyo, au ulikuwa umevizoea.

Ukamjibu, "Sikuzoea viatu, Sista. Nilizoea kunyamaza."

Ulisema kwa upole, bila hasira, kama mtu anayetaja jina lake. Mama yako alishika khanga mdomoni. Mimi nilitazama ukuta. Palikuwa na msumari ambao zamani ulishikilia kalenda, na ule msumari hadi leo ningeweza kukuchorea. Miaka yote tangu hapo nimeona aibu ya neno langu, Martina, lakini siku hiyo niliona aibu ya kwamba wewe uliliamini.

Sista alisema mfupa ukishakaa hivyo haurudi kwa kuvutwa, na atakayesema anaurudisha kwa mafuta ni mwongo. Kule Moshi wapo madaktari wanaoweza kuupasua na kuunyoosha, lakini tusubiri umalize kukua, na wakati ule hospitali zenyewe zilikuwa zinahesabu glavu. Maumivu ndiyo yangeweza kupunguzwa. Kiatu kipana. Kitu laini kati ya gumba na cha pili. Kuloweka sugu kwenye maji ya vuguvugu na kuisugua kwa jiwe, kamwe si kwa wembe. Na kuvipa vidole kazi, viokote vitu sakafuni, visisahau kwamba ni vidole.

Tulirudi nyumbani. Ukavaa katambuga za tairi hadi shule, kwa barua ya Sista, na najua walikucheka.

Hiyo likizo nilichomoa pamba kwenye mabega ya koti moja la zamani, nikashona vile vigodoro vidogo vya kuweka katikati ya vidole. Niliviacha juu ya mto wako bila kusema. Kesho yake sikuona kitu. Wiki iliyofuata nikavikuta vimefuliwa, vimeanikwa kwenye kamba nyuma ya nyumba, vidogo kama maharage, kati ya mashuka. Nilisimama pale nikivitazama mpaka mama yako akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Hujawahi kuniambia asante na sikuihitaji. Kile kilichokuwa kwenye kamba kilinitosha.

Na jambo jingine ambalo hujui kwamba ninalijua. Jioni, nikiwa bado kwenye cherehani, ulikuwa unakaa nyuma ya pazia unaokota mabaki ya vitambaa kwa vidole vya miguu, unayatia kwenye ndoo. Nilikuwa nasikia mkwaruzo wake kwenye saruji. Nikawa nakanyaga pedali polepole nisikupotezee hesabu. Mara nyingine nilikuwa nimeshamaliza kazi, nakanyaga tu bila uzi. Na mabaki niliyaangusha makusudi upande wako, hata vipande ambavyo vingefaa kiraka.

Basi, tufike kwenye viatu hivi. Siku hizi vitu vimeanza kurudi madukani, walioruhusiwa kuleta wanaleta, na mnadani unaweza kuchagua. Mama yako alichagua vizuri kadiri alivyoweza. Ni namba yako kwa urefu. Ila waliovitengeneza walimfikiria mtu mwenye vidole vilivyonyooka.

Jana usiku nilimwambia mama yako kwamba nitavikata penye kiungo na kuviongeza. Alinijia juu. Akasema, "Baba Martina, viatu vipya! Mtoto atafika kwa watu na viraka miguuni, wamuone hana kwao." Nikarudi kwenye uzi wangu, kwa sababu yale yalikuwa maneno yangu mwenyewe ya siku ya foleni, yamenirudia kwa sauti ya mke wangu. Na hana kosa. Umaskini wa miaka hii umetufundisha kwamba kitu kipya hakiguswi. Tumeishi na makochi ambayo hatujayavua nailoni ya dukani.

Sasa asubuhi hii ukafanya jambo ambalo hukulikusudia. Ulitoka kuoga ukiwa na haraka, gari la kuwapeleka Bonga linapiga honi, na badala ya kupita uani ukakatiza barazani na miguu yenye maji. Nilisema nina pini mdomoni. Karibu nizimeze. Mlipotoka tu, nilichukua chaki ya kuchorea nguo, nikapiga magoti. Unyayo wa kulia ulikuwa bado umekaa vizuri, nikauzungushia chaki taratibu, kisigino, ukingo, kiungo, vidole. Nikageukia wa kushoto. Ulikuwa umekauka. Kulibaki kisigino na alama moja ya gumba, nayo ikanitoka nikiitazama.

Niliuhamisha ule mmoja kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, kama ninavyokata vipimo vya nguo. Nikaweka kiatu juu yake. Mstari wa chaki umebaki nje ya soli, pale penye kiungo, upana wa kidole changu kidogo. Hapo ndipo nilipokitoa kisu na kukirudisha, nikakitoa tena. Nilichora mstari mara tatu, kwa mkono huu unaokata kitambaa cha harusi bila kuchora. Kama chuo kitakataa viatu vyenye kiraka? Kama nikikosea, na hakuna vingine? Mtu aliyekwisha kukosea mguu mmoja ana haki gani ya kuugusa tena?

Nimekata.

Cha kulia nimekipasua ubavuni. Kiraka nimekitoa kwenye ndimi za viatu vyangu vya kanisani, ile ngozi laini inayokaa chini ya kamba. Mama yako akiuliza, mwambie Mungu hatazami ndimi za viatu vya fundi. Nimeazima msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, kwa fundi viatu wa sokoni, nimeshona kwa mkono, mshono umelala ndani usikukwaruze. Ni cheusi juu ya cheusi. Mwalimu wa zamu labda atakiona akiinama, na walimu wa zamu hawapendi kuinama. Ndani yake, kwa kukunja, nimeacha akiba. Mguu ukivimba baada ya kusimama wodini kutwa nzima, utafumua uzi mweupe niliouweka, kitapanuka zaidi.

Hata hivyo upande wa juu, penye kile kidole cha ndoano, nimekisia. Unyayo hauonyeshi kimo. Na cha kushoto sijakigusa kabisa, sina kipimo chake. Ningeweza kukata kwa kufuata cha kulia, kugeuza tu karatasi, lakini Sista alisema miguu ya mtu si mapacha. Na mimi nimekwisha kukuvisha mara moja kwa kudhani.

Sitaki kukuhubiria, mwanangu. Umesoma kuliko mimi, na unakokwenda utafundishwa mwili wa binadamu wote, mimi najua ubavu mmoja tu wa kiatu kimoja. Ila hili la kuzoea nimelifikiria mno. Yako mambo ya kuzoea. Chakula cha chuo, zamu ya usiku, baridi ya kuwa mgeni, hivyo vinabana mwanzo kisha vinalegea, usivikimbie. Kuna vingine, kila siku vinabana zaidi, na wewe ndiye unayejikunja ili vionekane vinakutosha. Inaweza kuwa kazi, inaweza kuwa rafiki, inaweza kuwa mume, na atakuwa mzuri wa kutazama, amechongoka mbele. Mimi sitakuwepo kuona unavyokanyaga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na vitanda vyako vya mbele sitavilalia. Nakuomba tu ulalamike. Lalamika mapema, kwa sauti, hata kama aliye mbele yako amekukasirikia, hata akiwa ni baba yako na wateja wamekaa.

Nakupenda, Martina. Watu wa rika langu hawaliandiki hili na mimi nimeliandika, liko hapo, kalamu imeshapita.

Sasa nasikia sauti ya mama yako huko njiani, anamsalimia mtu kwa kirefu kama kawaida, kwa hiyo nina muda kidogo. Barua hii naikunja naitia ndani ya kiatu cha kushoto, na kiatu nakiweka mlangoni, hutaweza kukipita. Kando yake nimeweka beseni la maji. Mna vumbi la Bonga, ni halali yenu kuosha miguu. Ukitaka kupita uani kama siku zote, pita, sitakuita wala sitakasirika. Nitajua tu kwamba bado, na utaondoka na kiatu kimoja kipana na kimoja chembamba.

Lakini kama umesoma hadi hapa, vua hizo katambuga. Kanyaga kwenye beseni, usijifute. Pita barazani, mbele yangu, polepole.

Nimeshapiga magoti, na chaki ninayo mkononi.

Baba yako